Ritani ya Ushuru: Huduma ya Bure Tunayoilipia

Kila unapokaribia mwisho wa mwezi wa Juni, vibanda vya saiba vilivyo karibu na mabewa ya vyuo vyetu hubandika mlangoni karatasi inayotangaza kwamba ritani za ushuru hujazwa humo. Mwanafunzi huingia, huitaja nambari yake ya PIN na nenosiri lake mbele ya watu, hutoa shilingi mia mbili au tatu, na baada ya dakika chache hukabidhiwa karatasi iliyopigwa chapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo haitozwi ada na serikali, na kwamba kinacholipiwa pale, kwa kiasi kikubwa, ni tafsiri.

Kabla hatujaendelea, yafaa tufafanue istilahi. Neno ushuru lina asili ya Kiarabu na lilihusiana na fungu la kumi. Wenzetu wa Tanzania hupendelea kodi, ilhali kwa Mkenya wa kawaida kodi ni ile ya nyumba. Ritani ni taarifa ambayo mtu huiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) akieleza mapato yake yote ya kuanzia Januari hadi Desemba pamoja na ushuru uliokwisha kukatwa. Ritani, basi, si malipo. Mtu anaweza kuwa hadaiwi hata senti moja na bado akawa na wajibu wa kuiwasilisha kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Asiyekuwa na mapato yoyote huwasilisha ritani tupu. Wapo wasemao, "Mimi hukatwa kwenye mshahara, nimemaliza." Hawajamaliza. Makato ya mwajiri ni malipo. Taarifa bado ni yao kuitoa.

Jambo hili linamhusuje mwanafunzi asiyekuwa na kazi? Linamhusu kwa sababu anapoomba mkopo wa HELB hutakiwa kuwa na PIN, na PIN hiyo ikishasajiliwa kwa ushuru wa mapato, wajibu wa kila mwaka huanza. Adhabu ya mtu binafsi anayechelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa. Aliyekaa miaka minne ya shahada bila kuwasilisha anaweza kujikuta akidaiwa shilingi 8,000 kabla hajapata mshahara wake wa kwanza. Aghalabu hugundua siku anapoombwa cheti cha kuthibitisha kwamba ametimiza masharti ya ushuru, yaani siku anapoitafuta kazi. Msamaha wa adhabu na riba ulikuwapo, lakini mlango wake ulifungwa tarehe 30 Juni 2025.

Sasa tuingie katika utaratibu wenyewe. Mtandao wa iTax hufunguliwa kwa simu au kompyuta yoyote yenye intaneti. Gharama pekee ni ya data. Mtu huandika PIN yake, kisha nenosiri, kisha hujibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa. Kwenye orodha ya juu hubonyeza "Returns", halafu "File Nil Return" ikiwa hakuwa na mapato. Huchagua wajibu wake, ambao ni ushuru wa mapato ya mtu binafsi mkazi, huhakikisha kipindi ni cha Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita, na kuwasilisha. Stakabadhi hutolewa papo hapo. Ihifadhiwe.

Mwenye mshahara peke yake humwomba mwajiri wake hati ya P9, ambayo ni haki yake na haina malipo. iTax ina fomu fupi kwa ajili ya watu kama hao, na takwimu zilizopelekwa na mwajiri huwa tayari zimejazwa humo. Kazi inayobaki ni kuzilinganisha na P9. Zisipolingana, mtu arudi kwa mwajiri kabla ya kuwasilisha. Mwenye biashara au mapato ya namna nyingi hupakua fomu ya jedwali, nayo pia ni ya bure, ingawa nakiri kwamba hiyo inachosha.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kumjazia kila kijana ritani tupu. Mhudumu wa saiba hana muda wa kuuliza maswali. Chukua mfano wa mwanafunzi wetu wa isimu anayefanya kazi za tafsiri. Tuseme mwaka 2024 alilipwa shilingi 24,000 kwa miezi mitano, jumla 120,000, na mlipaji akaihesabu kuwa ada ya kitaalamu. Mlipaji wa aina hiyo hutakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Watanzania huyaita makato haya kodi ya zuio. Mwanafunzi huyo alikatwa shilingi 6,000. Je, alidaiwa ushuru kiasi gani? Kwa viwango vya mwaka huo, shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi zilitozwa asilimia 10. Kwa mwaka mzima, mapato yake yote yanaangukia katika kiwango hicho, na ushuru wake ni shilingi 12,000. Hata hivyo, kila mkazi alikuwa na nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Nafuu inaumeza ushuru wote. Hadaiwi chochote, na zile 6,000 ni zake kudai zirudishwe.

Akijaziwa ritani tupu, ametangaza kwamba hakupata kitu. Ametoa taarifa isiyo ya kweli, tena kinyume na kumbukumbu ambazo KRA inazo tayari kutoka kwa mlipaji, na dai lake la shilingi 6,000 limebaki bila msingi. Na kwa hasara hiyo amelipa shilingi mia mbili.

Kuna hatari nyingine ambayo mwandishi wa makala haya aliionja. PIN yangu ilisajiliwa katika saiba moja nilipokuwa mwaka wa kwanza, na mhudumu, kwa kuharakisha kazi, akaandika anwani yake ya barua pepe badala ya yangu. Miaka mitatu nilikuwa nikimlipa yeye yule kwa sababu nenosiri jipya lilitumwa kwake kila nilipolisahau. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila arifa zote za ushuru wangu zilikuwa zikisomwa, au kupuuzwa, na mtu mwingine. Msomaji na aangalie leo ni anwani gani iliyo kwenye PIN yake.

Kwa nini basi watu wenye simu mikononi waendelee kulipia hatua tano za kubonyeza? Uvivu upo, hatukatai. Lakini mama muuza mboga aliyesajiliwa PIN ili afungue akaunti si mvivu. Anakutana na kurasa za Kiingereza cha kisheria, huku akijua kwamba kosa lina faini. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Karatasi moja ya faharasa yenye maneno kama ishirini ya kurasa zile ingemwezesha kujaza mwenyewe. Faharasa hiyo ni zoezi la wiki moja kwa darasa la istilahi, na ingefaa ibandikwe kwenye mlango ule ule wa saiba.

Kwa asiyeweza kabisa kujaza peke yake, maafisa wa KRA husaidia bila malipo katika ofisi zao na katika vituo vya Huduma, na hapo maswali huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili. Aende na kitambulisho, PIN, na P9 au hati za makato kama anazo. Nenosiri aliandike mwenyewe. Aende Februari au Machi, wakati viti vya kungojea vikiwa vitupu.