Daftari la Mabadiliko

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Leo tutajifunza jinsi mabadiliko ya faili za kompyuta yanavyoandikwa na kupimwa. Msiogope neno kompyuta. Jambo lenyewe mnalijua tayari, kwa kuwa kila chama chenye mweka hazina mwema kina daftari la hesabu.

Mweka hazina mwema hafuti. Akikosea, hupiga mstari mmoja juu ya kosa, huandika tarakimu sahihi kando yake, kisha hutia tarehe na sahihi. Mkaguzi akija huona kilichokuwapo kwanza, kilichobadilishwa, na aliyekibadilisha. Palipofutwa kwa raba pana shaka; palipopigwa mstari pana maelezo.

Sasa tutazame kompyuta. Faili ni maandishi yaliyowekwa ndani ya kompyuta na kupewa jina. Ukiifungua faili, ukabadilisha neno na kuihifadhi, neno la zamani hupotea. Kwa hiyo watu wengi hutengeneza nakala: moja huitwa “hesabu”, ya pili “hesabu mpya”, ya tatu “hesabu mpya kabisa”. Baada ya mwezi hakuna ajuaye ipi ndiyo ya kweli.

Dawa yake ni programu ya kutunza mabadiliko. Iliyoenea sana leo huitwa Git. Aliyeitunga ni Bwana Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini. Mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, alianza kutengeneza Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta. Simu za Android nazo hutumia kiini hicho, na huenda umo nacho mfukoni mwako sasa hivi. Watu wengi wa nchi mbalimbali waliituma kazi yao ili iingizwe katika Linux, na ilihitajika njia ya kuipanga. Mwaka 2005 kampuni iliyokuwa na programu waliyoitumia iliondoa ruhusa ya kuitumia bure. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, Bwana Torvalds akaanza kutunga Git.

Kazi ya Git ina hatua tatu. (Mwalimu aandike hatua hizi ubaoni.)

Kwanza, kulinganisha. Git hukuonyesha faili ilivyokuwa na ilivyo sasa. Mstari ulioondolewa hutiwa alama ya kutoa. Ulioongezwa, alama ya kujumlisha.

Pili, kuchagua. Unachagua mabadiliko yanayohusu jambo moja tu.

Tatu, kuandikisha. Unaandika maelezo mafupi ya ulichobadilisha na sababu yake. Git huongeza jina lako, tarehe na saa, kisha huipa kumbukumbu hiyo namba yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu na herufi 40. Namba hiyo hutokana na maandishi yenyewe, pamoja na namba ya kumbukumbu iliyotangulia. Mtu akigeuza hata nukta moja katika kumbukumbu ya zamani, namba yake hugeuka, na namba zote zinazofuata hugeuka pia. Ni vigumu kuchezea daftari la namna hii kwa siri.

Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Lazima tupime. Tuseme chama cha ushirika kina programu ya kuhesabu malipo ya kahawa. Mkulima ameleta kilo 100, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 300,000. Makato ni shilingi 50 kwa kilo, yaani 5,000. Basi apate 295,000. Hesabu hii, na jibu lake, ndiyo kipimo chetu. Kompyuta yaweza kuamriwa kuifanya kila mara mabadiliko mapya yanapoandikishwa. Jibu likiwa jingine, kazi isimame.

Je, kama kipimo hakikuwekwa? Siku ya malipo mkulima anapewa 290,000. Watu wananung’unika, na karani anatazamwa kama mwizi. Tangu malipo yaliyopita, yaliyokuwa sahihi, mabadiliko 16 yameandikishwa. Kosa liliingia katika lipi?

Hatupimi moja moja. Tunaanza katikati. Git inazirudisha faili kama zilivyokuwa kwenye badiliko la 8. Tunapima: jibu ni 295,000. Sawa, basi kosa liliingia baadaye. Tunapima la 12: 290,000. Kosa, basi liko kati ya la 9 na la 12. La 10 ni sawa. La 11 lina kosa. Tumelipata kwa vipimo 4 tu. Kwa njia hii, hata mabadiliko 1,000 huhitaji vipimo 10 hivi.

Tunasoma badiliko la 11. Kumbe mstari wa makato umeongezwa, na ule wa zamani ungalipo. Makato yamekatwa mara mbili. Karani hana hatia, na mkulima ana haki ya shilingi zake 5,000. Hatuchani ukurasa wa 11. Tunaandikisha badiliko la 17 linalolitangua, ili wajao waone kosa na sahihisho lake.

Shikeni mambo mawili. Andikisheni mabadiliko madogo madogo: kama badiliko la 11 lingekuwa na mambo arobaini, tungejua ukurasa bila kujua mstari. Tena, jina lililo katika kumbukumbu ni lile ambalo mtumiaji amelitaja mwenyewe. Litumieni kuanzia kuuliza, si kuhukumu.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mweka hazina mwema hafuti kosa kwa raba?
2. Taja hatua tatu za kazi ya Git.
3. Mkulima ameleta kilo 80. Kwa bei na makato ya somo hili, anastahili shilingi ngapi?
4. Kama mabadiliko yangekuwa 32, vingehitajika vipimo vingapi kulipata lenye kosa?