Rangi Inayobanduka na Dhamana Isiyotimizwa

Ndugu wasomaji, yapo malalamiko ambayo mtu akiyasikia kwa mara ya kwanza huyaona madogo, lakini akikaa na wenyewe hutambua kuwa yamebeba riziki ya nyumba nzima. Mojawapo ni hili la wamiliki wa pikipiki, kuanzia Handeni na Korogwe hadi Mombo na Mazinde, wanaonunua chombo kipya kikiwa kinang'aa, kisha kabla hawajamaliza kukilipia wakaona rangi ya tangi inavimba malengelenge, madigadi inabanduka, na kutu inachungulia penye maungio ya fremu. Mwenye chombo akirudi dukani na kadi yake ya dhamana, hapokewi kwa uso ule aliopokewa nao siku alipoleta fedha. Huambiwa fundi hayupo, arudi Jumatatu. Jumatatu huambiwa kipuri kimeagizwa Dar es Salaam. Akirudi tena, huambiwa rangi haimo katika dhamana.

Leo tumeona tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa si jambo la rangi peke yake. Ni jambo la ahadi, na wahenga wetu walikwisha kusema kuwa ahadi ni deni.

Mazinde si mahali pageni katika habari za biashara. Katika karne ya 19, Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri Zanyumbai wa Usambara, aliacha kukaa milimani akafanya makao yake hapo bondeni, ili awe karibu na njia ya misafara iliyopita kati ya pwani na bara. Baadaye zikaja reli na mashamba ya mkonge, kisha barabara kuu inayokwenda Same na Moshi. Leo mtu anayeteremka kwenye basi hapo, akiwa na gunia la mahindi au mgonjwa wa kupelekwa kituo cha afya, hulazimika kumalizia safari yake kwa pikipiki. Mwaka 2010 Serikali ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, ikakiri kwa maandishi jambo ambalo wananchi walikwisha kulifanya: bodaboda ni usafiri wa umma. Kwa hiyo pikipiki inayolala gereji wiki mbili si pambo lililopotea. Ni kazi iliyosimama, ada ya shule iliyochelewa na mgonjwa aliyekosa wa kumbeba.

Wapo watakaouliza: kwa nini mtu apigie kelele rangi, ilhali injini inaunguruma? Jawabu ni kwamba rangi kwenye chuma si urembo tu, bali ni ngozi yake. Kiwandani bati husafishwa kwanza mafuta na kutu, likapewa dawa ya kushikisha, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mara nyingi juu yake vanishi ya kuilinda. Hatua moja ikirukwa, au vumbi na mafuta yakibaki chini, rangi hung'aa vizuri dukani kisha huachia baada ya jua na mvua chache. Petroli ikidondoka kando ya mdomo wa tangi, rangi dhaifu hulainika na kuvimba. Maji yakipenya chini yake, kutu huanza kula bati, na tangi lililotoboka si suala la sura tena, ni suala la moto. Zaidi ya hayo, pikipiki nyingi huingia nchini katika makasha zikiwa vipande, zikaunganishwa hapa hapa. Na katika kushusha, kufungua na kuunganisha, mikwaruzo hutokea ambayo mnunuzi hakuisababisha.

Kwa haki hiyo hiyo, lazima tuseme kwamba si kila doa ni kosa la muuzaji. Jiwe la barabarani huacha kishimo kidogo chenye kingo kali. Kuanguka huacha mkwaruzo na bati kubonyea. Lakini rangi inayoinuka kutoka chini kama lengelenge bila ya kuguswa, au inayotoka kwa kipande kipana kama ganda la kitunguu, hiyo huashiria udhaifu uliokuwamo tangu mwanzo. Fundi mwaminifu huweza kuzitofautisha kwa kutazama tu, ikiwa anataka kuzitofautisha.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Tuzingatie kwamba mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake halikuwa kulowa kwa chakula, bali kukigeuza ili upande mkavu uwatazame wanunuzi.

Aidha, Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa bila ya kumkama, ili siku ya mnada kiwele kionekane kimejaa. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo amepewa hiari: akimridhia atabaki naye, asipomridhia atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Rangi iliyopulizwa juu ya bati bovu haina tofauti na kiwele hicho. Vyote viwili vinaliambia jicho jambo ambalo kitu chenyewe hakina.

Kutokana na misingi hiyo, mafakihi wamepanga mlango mzima unaoitwa hiari ya aibu. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, inayopunguza thamani ya kitu, ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, haki hiyo hudaiwa mara tu aibu inapojulikana, isipokuwa kwa udhuru. Mwenye kuiona kasoro kisha akaendelea kukitumia kitu bila ya sababu huhesabiwa kuwa amekiridhia. Na kitu kikiwa kimepata dosari nyingine mikononi mwa mnunuzi, muuzaji asipokubali kukipokea hivyo, hulipa fidia ya kiasi kilichopungua kwa ile aibu ya kwanza. Tazama mizani ilivyosimama sawa: mnunuzi hadhulumiwi, na muuzaji harudishiwi gofu.

Tena lipo suala la yale maandishi madogo ya nyuma ya kadi: muuzaji hatahusika na rangi, hatahusika na chombo kinachofanyia biashara, hatahusika na hili wala lile. Je, mtu akijivua aibu zote kwa sharti, amesalimika? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji na aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Mnyama hula, huugua na hubadilika, na aibu zake nyingine hakuna azionaye. Ama bidhaa nyingine, sharti halimwokoi.

Na katika Muwatta ya Imamu Malik kimo kisa cha Abdullah bin Umar, zama ambazo utumwa ulikuwapo. Aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua aibu, kisha mnunuzi akalalamika kuwa alikuwa na ugonjwa ambao hakutajiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape kuwa aliuza bila ya kuijua aibu yoyote. Ibn Umar alikataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye alipona, akauzwa kwa dirhamu 1500. Hapa pana somo kubwa kwa wenye maduka. Khalifa hakumuuliza mnunuzi kwa nini hakusoma sharti. Alimgeukia muuzaji akamuuliza alichokuwa akikijua.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi tangu enzi za Waingereza, inahesabu kuwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina yake ameahidi ubora unaofaa, hata kama hakutamka. Lakini mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa, ahadi hiyo haigusi kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza upotoshaji katika biashara, na imeweka sehemu mahsusi ya masharti yanayohesabika kuwamo ndani ya mkataba wa mlaji, pamoja na sehemu nyingine ya wajibu wa mtengenezaji. Kwa hiyo kadi ya dhamana siyo chanzo cha haki zote za mnunuzi. Ni nyongeza juu ya haki ambazo sheria imekwisha kumpa. Duka linalosema kwamba lisiloandikwa kwenye kadi halidaiwi linakosea.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusiishie kwa mwenye duka. Pikipiki nyingi za bodaboda huendeshwa kwa mkataba: tajiri hununua chombo, kijana hukiendesha na kuleta hesabu kila siku au kila wiki, hadi muda ukitimia chombo kiwe chake. Risiti na kadi ya dhamana zina jina la tajiri, ilhali anayeiona kasoro ni kijana. Chombo kikikaa kwa wakala siku kumi, duka halimsikilizi kijana kwa kuwa si mnunuzi, na tajiri anaendelea kudai hesabu za siku kumi zile. Huyu ndiye mtu ambaye dhuluma ya rangi mbovu humshukia yote, naye hana karatasi hata moja mkononi. Kanuni ya ijara inafahamika: ujira ni badala ya manufaa, na manufaa yasipopatikana, pasipo kosa la aliyekodi, hakuna haki ya kudai badala yake. Tajiri anayemcha Mungu atazisamehe siku hizo, au atazisogeza mwisho wa mkataba, na ataandika hivyo tangu mwanzo. Naye ndiye anayepaswa kufunga safari kwenda kudai dhamana, kwa kuwa jina ni lake.

Wapo pia wamiliki wanaolalamikia duka asubuhi, na jioni wakampelekea fundi tangi lenye kutu apige msasa juu juu na kupuliza rangi mpya, ili chombo kiuzwe mnadani kama kilichotunzwa. Mnunuzi wa mkononi hana kadi ya dhamana wala wakala wa kumwendea. Aliyedhulumiwa akidhulumu hajalipa kisasi kwa aliyemdhulumu, bali amemtafuta mnyonge kuliko yeye. Surat Al-Mutaffifin imewaonya watu wanaotimiziwa kikamilifu wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Onyo hilo halikuwahusu wenye maduka makubwa peke yao.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mnunuzi akague chombo juani kabla ya kutoa fedha, sio ndani ya duka lenye kivuli. Apitishe mkono chini ya madigadi, kando ya mdomo wa tangi na penye maungio. Pili, adai risiti halali yenye namba ya chesisi na ya injini, na asomewe kadi ya dhamana akiwa na shahidi: ni miezi mingapi au kilometa ngapi, rangi imo au haimo, na kazi ya bodaboda inakubaliwa au haikubaliwi. Tatu, ahudhurie huduma za mwanzo kwa wakati na kila moja igongwe muhuri, kwani kuikosa moja ni mlango ambao muuzaji hupenda kutokea. Nne, kasoro ikionekana, asingoje. Apige picha, apeleke barua yenye tarehe, abaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Akizungushwa, aende na nakala hizo kwa Tume ya Ushindani. Maneno ya kijiweni hayasomeki mbele ya mwamuzi.

Nao mawakala tunawanasihi kwa heshima. Mteja wa Mazinde anayepanda basi hadi Korogwe au Tanga kufuata dhamana, amekwisha kulipa nauli, amepoteza siku, na mara nyingi amekosa na hesabu. Kumwambia arudi Jumatatu ni kumtoza mara ya pili kwa bidhaa ile ile. Kama kipuri hakipo, mwambieni ukweli na siku yake. Kama kasoro ni yake, mwonyesheni kwa nini. Kama ni yenu, itengenezeni bila ya kumfanya aombe, kwa maana anachokidai alikwisha kukilipia siku ya kwanza. Surat Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na kadi yenye muhuri wa duka ni mkataba.

Rangi itapauka siku moja, hilo hakuna aliyeahidi kulizuia. Lakini neno la muuzaji halipaswi kupauka kabla ya rangi.

Wabillahi tawfiq.