Elimu ya Viumbe Hai: Kusikia na Kutenda

Kijana arudipo nyumbani baada ya muhula wake wa kwanza chuoni, wazazi humwuliza, "Umefundishwa nini?" Naye hujibu kwamba ametazama ngozi ya kitunguu kwa kioo cha kukuzia, amelowesha vipande vya viazi katika maji ya chumvi, tena amempasua chura. Hapo mzee hushika tama. Ameuza ng'ombe ili alipe ada, na kumbe mtoto anachezea vitunguu! Makala haya yataka kueleza kwa nini kazi hiyo si mchezo, na kwa nini mwanafunzi aipuuzaye hujiletea hasara yeye mwenyewe na watu watakaomtegemea siku za mbele.

Elimu hiyo huitwa bayolojia, yaani elimu ya viumbe hai: mimea, wanyama, na vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Katika mwaka wa kwanza hufundishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mhadhara, ambapo mwalimu husimama mbele ya wanafunzi wengi akaeleza, nao husikiliza na kuandika. Ya pili ni maabara, yaani chumba cha majaribio, ambapo kila mwanafunzi hushika kitu kwa mikono yake na kukitazama kwa macho yake.

ASILI YA DESTURI HII

Zamani njia hizi mbili hazikwenda pamoja. Katika shule nyingi za Ulaya elimu ya viumbe ilisomwa vitabuni tu, na wanafunzi wakakariri majina. Mwaka 1871 mwalimu mmoja aitwaye Thomas Henry Huxley aliwakusanya walimu wa shule huko South Kensington, mjini London, akawafundisha kwa namna nyingine. Kwanza aliwahutubia juu ya kiumbe fulani. Kisha wakaenda mezani kwenye hadubini na visu vidogo, wakakichunguza kiumbe kile kile, na walimu wasaidizi wakapita kati yao kuwaongoza.

Mwaka 1875 Huxley na msaidizi wake, H. N. Martin, walitoa kitabu cha kazi hiyo. Walichagua viumbe vichache vipatikanavyo kwa urahisi, kama hamira, ukungu, kangaga, mharage na chura. Mwaka 1876 Martin alikwenda Marekani kufundisha katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, naye akaichukua desturi ile. Leo vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere hufundisha vivyo hivyo, kwa mhadhara na kwa maabara.

Yafaa wasomaji wetu wakumbuke kwamba wanafunzi wale wa mwaka 1871 walikuwa watu wazima, walimu wenye shule zao. Hawakuona haya kuanza upya, kwa maana asiyeona mwenyewe hawezi kumwonyesha mwingine.

KAZI YA MHADHARA

Mhadhara ni mfano wa mzee amwelekezaye mgeni njia: utaona mto, kisha mbuyu, kisha kilima. Mgeni hajafika bado, lakini sasa ajua atafute nini. Vivyo hivyo mwalimu hueleza kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli. Neno hilo maana yake ni chumba kidogo. Robert Hooke, Mwingereza, alilitumia mwaka 1665 alipotazama kipande chembamba cha kizibo, akaona vyumba vingi vimepangana. Mwalimu hueleza tena kwamba ndani ya seli ya mmea au ya mnyama kwa kawaida mna kiini, ambacho Robert Brown alikipa jina mwaka 1831.

Mwanafunzi mwema husoma sura ya kitabu kabla ya kwenda kusikiliza, ili maneno mageni yasimshtue. Akiwa darasani haandiki kila neno litokalo kinywani mwa mwalimu, kwa sababu mkono ukikimbia mno, akili hubaki nyuma. Huandika mambo makubwa kwa maneno yake mwenyewe. Jioni ile ile hufunga daftari, akajaribu kueleza somo lote bila kutazama. Pale anapokwama, hapo ndipo ajuapo kwamba hajaelewa.

KAZI YA MAABARA

Wahenga husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mbele ya hadubini hata mwenye macho mazuri hana budi kuambiwa. Mwanafunzi hubandua utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, akautandaza juu ya kipande cha kioo, akatia tone la ayodini, kisha akaufunika kwa kioo chembamba sana. Kioo hicho hushushwa upande mmoja kwanza, taratibu, ili hewa itoke. Akikiangusha kwa haraka, mapovu ya hewa hunaswa chini yake, na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wamechora povu lenye ukingo mweusi wa duara, wakaandika chini yake, "Hii ndiyo seli."

Basi huanza kwa kioo chenye nguvu ndogo, na akiisha kupata mahali pazuri, huenda kwenye nguvu kubwa. Hapo huona vyumba virefu vimepangwa kama matofali ya ukuta, na katika vingi vyake alama ndogo ya rangi ya kahawia, ndicho kiini. Kisha huchora kwa kalamu ya risasi. Sharti achore alichokiona, si kile kilichochorwa kitabuni. Sharti hilo laonekana dogo, lakini ndilo gumu kuliko yote.

VIAZI NA CHUMVI

Kuna jaribio jingine ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya shuleni kwake. Kata vipande vya viazi ulaya vilivyo sawa kwa urefu na unene. Vipime uzito, kisha utie vingine katika maji matupu, na vingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa moja au mbili vitoe, uvifute maji ya juu, uvipime tena. Vile vya maji matupu vitakuwa vigumu na vizito zaidi. Vile vya maji ya chumvi vitakuwa vyepesi, navyo vitalegea.

Sababu yake ni hii. Seli imezungukwa na ngozi nyembamba ipitishayo maji kwa wepesi lakini izuiayo chumvi. Maji huelekea upande ule wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Kwa hiyo, chumvi ikiwa nyingi nje, maji hutoka katika seli; ikiwa nyingi ndani, maji huingia. Jambo hili huitwa osmosisi. Mkulima amelijua bila jina lake: atiaye mbolea ya chumvichumvi kwa wingi mno karibu na shina huona mmea umenyauka, ijapokuwa ardhi ina maji.

Wengine watauliza, "Vya nini vile vipande vya maji matupu, na twajua kwamba chumvi hulegeza?" Hivyo ni vya kulinganisha. Bila hivyo hatuwezi kujua kama ni chumvi iliyokilegeza kiazi, au ni kukatwa tu na kukaa majini. Mtu aliyezoea kulinganisha hivi hadanganyiki upesi na muuza dawa asemaye, "Fulani alikunywa, akapona." Atauliza, "Na wale wasiokunywa, je, wangapi walipona?"

KWELI YA DAFTARI

Huenda vipimo vya mwanafunzi visiwe kama vile vya jirani yake. Hapo jaribu kubwa humjia, nalo ni kunakili hesabu za jirani ili apate alama nzuri. Akifanya hivyo amejiibia mwenyewe. Aandike alichokipima, kisha atafute sababu. Pengine hakukifuta kiazi vizuri kabla ya kukipima, au vipande havikuwa sawa. Kosa lililoandikwa laweza kufunza. Kosa lililofichwa halimfunzi mtu.

Na hili si jambo la alama tu. Mwaka 1880, huko Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini, akaona vijidudu vya malaria. Mwaka 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, Ronald Ross alipasua mbu kwa subira nyingi mpaka akawaona vijidudu hao katika tumbo la mbu. Wote wawili walifanya kazi ile ile ya mwaka wa kwanza: kuandaa kioo, kutazama, na kuandika walichokiona.

Hata leo, ingawa kuna vipimo vya haraka, damu ya wagonjwa wengi hutazamwa kwa hadubini. Mpimaji hutandaza tone la damu, akalitia rangi, akalitazama. Kanuni yamtaka asiseme "hakuna vijidudu" mpaka awe amekagua sehemu 100 za tone lile nene. Fikirini basi mpimaji ambaye alipokuwa mwanafunzi alizoea kunakili daftari la jirani. Ametazama sehemu 10, amechoka, na watu wamejaa mlangoni. Aandika, "Hakuna." Nje ameketi mama na mtoto mwenye homa, naye hurudishwa nyumbani bila dawa. Kosa lile lilianza siku nyingi nyuma, juu ya kipande cha kitunguu.

SHAURI LETU

Walimu wasingoje hadubini ndipo waanze. Maharage yaoteshwe katika chupa yenye nguo mbichi, moja gizani na moja mwangani, na watoto wapime kila siku na kuandika. Kipande cha mkate kilicholoweshwa kifunikwe ili ukungu uonekane, kisha kitupwe bila kufunuliwa. Viazi na chumvi havikosekani mahali pengi.

Machifu na wazee wa kamati za shule, mkiombwa fedha kwa ajili ya chumba cha majaribio, msidhani kwamba ni pambo tu. Na wazazi, kijana wenu akisimulia habari za chura na kitunguu, mwombeni alete daftari lake. Mwulizeni, "Hili umeliona wewe mwenyewe, au umelinakili?" Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza swali hilo, na jibu lake litamwonyesha kama ada yake imefanya kazi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.