Bei Haisikiki

Chukua iafoni tano za bei tofauti zinazoning'inia kwenye duka la Kariakoo au Luthuli Avenue, usome maboksi yake. Karibu zote zitakuambia kwamba zinatoa sauti kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Namba hizo huenda zisiwe za uongo, ila hazina kazi. Huo ndio upana wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima, na hata spika duni hutoa chochote, japo mnong'ono, katika ncha zote mbili. Boksi halikuambii besi ina nguvu kiasi gani ikilinganishwa na mwimbaji, wala mwimbaji anasikikaje mbele ya matoazi na nyuzi za juu. Uwiano huo, ambao hapa nitauita mizani ya sauti, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa kama iafoni inafaa au inapiga kelele tu. Na kwa iafoni za waya, mizani nzuri siku hizi haifuati bei. Anayelipa zaidi mara nyingi hulipia vitu vingine.

Mizani nzuri ni ipi? Jibu linaanzia kwenye umbile la sikio. Mfereji wa sikio umefungwa upande mmoja kwa kiwambo, na kama mrija wowote wa namna hiyo huikuza sauti ya masafa fulani. Kwa mtu mzima ni kwenye hezi 3,000 hivi. Ubongo umeizoea nyongeza hiyo tangu utotoni. Iafoni ya kuchomeka inapouziba mfereji, mwitiko huo wa asili huvurugika, na mtengenezaji hulazimika kuirudisha nyongeza kwa makusudi. Akiipunja, mwimbaji anasikika kama anaimba nyuma ya pazia. Akiizidisha, sauti za juu za kike na fidla zinachoma. Katika muongo wa 2010, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman ya Marekani walifanya majaribio ambapo wasikilizaji walipewa mizani mbalimbali wazipe alama bila kujua chapa wala bei. Wengi walielekea pamoja: besi iliyoinuliwa kiasi, sauti za kati zilizotulia, kisha mwinuko karibu na hezi 3,000. Katika uchambuzi wao mmoja, karibu theluthi mbili ya wasikilizaji waliangukia kundi hilo. Waliobaki walitaka besi zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Kwa hiyo ladha si vurugu tupu, na ubora unaweza kupimwa. Ukishapimwa, bei inapoteza heshima yake. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, zikiwemo za kuchomeka sikioni, akatafuta uhusiano kati ya bei ya dukani na mizani ya sauti. Hakuupata. Sababu haiko mbali. Spika ya ndani, yaani kiwambo chembamba kinachotikiswa na koili na sumaku, ni teknolojia ya zamani ambayo viwanda vya China huitengeneza kwa wingi na kwa gharama ndogo. Kilichokuwa adimu ni ujuzi wa kuirekebisha kwa vitundu vya hewa, vichujio na umbo la ganda, na ujuzi huo sasa umeenea, pamoja na vifaa vya kupimia vinavyoiga sikio la binadamu. Mwaka 2022 iafoni za waya Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero ziliingia sokoni kwa takriban dola 20 kila moja, bila ushuru na usafiri, zikiwa na mizani iliyo karibu na ile waliyoipenda wasikilizaji wa Harman. Zote mbili zina spika moja tu kila upande. Hili nalisisitiza kwa sababu maboksi ya bei nafuu hupenda kujisifu kwa idadi: spika nne, spika sita, spika kumi. Spika nyingi zinahitaji kugawiwa masafa na kuunganishwa kwa umakini, na zikiunganishwa vibaya hugombana. Idadi ni gharama ya kiwanda, msikilizaji haimhusu.

Wapenzi wa vifaa vya ghali watasema kuna undani ambao grafu za vipimo haziuonyeshi. Wana sehemu ya haki. Kifaa cha kupimia kinachotumika sana kina mwangwi wake chenyewe karibu na hezi 8,000, na juu ya hapo mstari wa grafu si wa kuuamini sana. Iafoni mbili zenye grafu zinazofanana zinaweza kabisa kutofautiana kwenye mng'aro wa matoazi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kosa la mizani, na hakuna sheria inayosema lazima iangukie upande wa yule aliyelipa zaidi.

Pingamizi lililo karibu zaidi na sisi ni la besi: Bongo Fleva na amapiano bila besi ni nini? Sina ugomvi na besi nyingi. Shida ni mahali inapowekwa. Ikiinuliwa chini kabisa, ngoma inatikisa na mwimbaji anabaki huru. Ikifura hadi hezi 300, inapanda juu ya sauti ya kiume na kuifunika, na hivyo ndivyo zilivyo iafoni nyingi zinazouzwa kwa jina la besi. Ili kulibaini hilo, weka kando wimbo wa klabu, sikiliza taarabu uliyoizoea. Kanuni, fidla, udi na mwimbaji vyote vinaishi katikati ya mizani. Ikiwa nyuzi za kanuni hazitengani na maneno ya wimbo yanamezwa, iafoni hiyo imeshindwa, hata kama inatikisa fuvu.

Hata hivyo, hukumu yoyote isubiri vipira vya nchani vinavyoziba sikio. Iafoni isiyoziba vizuri huvujisha besi kwanza, na mtu akalaumu spika wakati kosa ni la kipira kidogo mno. Isukume kidogo kwa kidole huku muziki unacheza. Besi ikiongezeka ghafla, badilisha kipira. Hapa hoja kwamba masikio hayafanani ina uzito wake wote, na ndiyo maana boksi lenye saizi tatu za vipira lina thamani zaidi kuliko lenye pochi ya ngozi. Kuziba vizuri kunazuia pia makelele ya daladala au matatu, na sauti haihitaji kupandishwa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda huo nusu. Kwenye bodaboda, lakini, masikio yaachwe wazi.

Kinachobaki ni uimara, na hapa bei ndogo ina lawama ya kweli. Iafoni nyingi hufa kwenye waya, si kwenye spika. Chu ya kwanza ilikuwa na waya usiochomoka. Ukikatika, vyote vinatupwa. Ile ya 7Hz, kwa bei ileile, waya wake unachomoka na kubadilishwa, na kwangu mimi tofauti hiyo inazidi chochote ambacho grafu zake mbili zinaweza kubishania. Mwenye simu isiyo na tundu la iafoni aongeze bei ya adapta. Ile ya Apple ya USB-C huuzwa kwa dola 9 Marekani na inatosha kuziendesha iafoni hizi bila kikuza sauti chochote. Iafoni za Bluetooth ni hesabu nyingine: sehemu ya fedha inakwenda kwenye betri, na betri ikichoka baada ya miaka michache, spika nzuri iliyomo ndani inazikwa nayo.