Kadi ya kuzamia inatambulika mpaka wapi?

Kijana wa Buguruni anayetaka kazi ya kuzamia kwenye utalii hayuko mbali na bahari. Daladala zinamfikisha Kunduchi, zinakoondokea boti za Mbudya, na boti ya Zanzibar inamweka njiani kuelekea Nungwi na Mnemba. Kinachomkwamisha ni ada. Kozi ni ghali, bei zake zimepangwa kwa mfuko wa mtalii, na kila kampuni ina jina la shirika lake kwenye bango: hapa PADI, pale SSI, kwingine NAUI au CMAS. Akiuliza alipie ipi, mara nyingi ataambiwa alipie yoyote, kwa kuwa kadi zote zinakubalika duniani kote. Kwa mtalii jibu hilo ni sahihi. Kwa anayetafuta riziki ni nusu ya ukweli, na nusu aliyofichwa ndiyo itakayomla fedha baadaye.

Tuanze na ile nusu ya kweli. CMAS iliundwa mwaka 1959, Jacques Cousteau akiwa rais wake wa kwanza. PADI ilianzishwa Marekani mwaka 1966, na SSI ikafuata mwaka 1970. Ni washindani wanaogombea wateja walewale, lakini mafunzo yao ya mwanzo yamekaribiana sana, kwa sababu maji hayabadiliki kwa kubadili nembo. Isitoshe, kipo kiwango cha kimataifa, ISO 24801, kinachotaja ngazi tatu: mzamiaji anayesimamiwa, mzamiaji anayejitegemea, na kiongozi wa wazamiaji. Anayejitegemea anafundishwa kushuka hadi mita 20. Kadi ya kwanza ya PADI na SSI inaishia mita 18, nyota moja ya CMAS inafika mita 20. Tofauti ya mita mbili haimfanyi mwenye kampuni pale Kendwa amrudishe mgeni mwenye kadi ya shirika jingine, na kwa kawaida hamrudishi.

Hata hivyo, mwenye kampuni makini haamini kadi peke yake, na yuko sahihi. Kadi ya burudani haina tarehe ya kuisha: aliyeipata miaka 15 iliyopita na hajagusa maji tangu hapo anayo ileile. Kwa hiyo mgeni ataulizwa alizamia lini mara ya mwisho, ataombwa daftari lake la kumbukumbu na atajaza fomu ya afya. Ikiwa muda umepita, atapelekwa kwanza kwenye maji ya kifua. Huko atakitoa kipumulio mdomoni na kukirudisha bila kutaharuki, ataingiza maji kwenye miwani na kuyatoa kwa kupuliza puani, kisha ataelea bila kugusa chini. Dakika chache za namna hiyo zinaeleza zaidi ya nembo yoyote. Wapo wanaosema mashirika haya ni biashara, na kwamba baadhi ya wakufunzi hugawa kadi kama risiti. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekeza kwenye jaribio la majini. Haitoi sababu ya kukataa kadi za shirika fulani.

Nusu ya pili inaanza pale mtu anapotaka kulipwa. Ngazi ya kwanza ya kazi ni kiongozi wa wazamiaji, yule anayejulikana kama daivumasta. PADI inamtaka awe na umri wa miaka 18 na amezamia walau mara 60 kabla ya kuhitimu. Kadi za chini za mashirika mengine zinakubalika kumwingiza kwenye kozi hiyo. Hapo mlango uko wazi. Lakini akihitimu SSI, kisha akapata kazi kwenye kituo cha PADI, hahesabiki kuwa daivumasta wa PADI mpaka apite taratibu za kuhamia na kuzilipia. Zaidi ya hapo kuna ada ya uanachama ya kila mwaka, na asipoilipa hatambuliwi kuwa kazini hata kama ujuzi wake uko palepale. Mtalii anavuka mashirika bure, na mfanyakazi wa Kitanzania anatozwa kuvuka. Nadhani hilo si haki, na ndilo linalopaswa kutushughulisha.

Kuna watakaosema vijana wetu wa pwani hawahitaji makaratasi ya mtu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walinusurika. Ujasiri na ujuzi wa watu wa maji haubishaniwi. Lakini mtungi wa hewa una sheria zake. Mzamiaji wa pweza ameishi kwa kubana pumzi. Huo ndio ustadi wake. Kwenye mita 10 msukumo ni mara mbili ya ule wa juu, hivyo hewa aliyoivuta kwenye mtungi akiwa huko itatanuka mara mbili akipanda. Akiibana kwa mazoea, mapafu yanaweza kupasuka. Tabia inayomfanya awe bingwa bila mtungi ndiyo inayoweza kumuua akiwa nao. Mafunzo na mtihani ni lazima. Suala ni nani athibitishe, na kwa gharama gani.

Njia tayari tunayo. VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, waashi na mafundi magari wakiwamo, na TBS ni mwanachama wa ISO. Waajiri wangeweza kutakiwa kumpima daivumasta kwa kiwango cha ISO 24801-3, cheti chake kiwe cha shirika lolote linalokidhi kiwango hicho. Atakayepinga akisema kwamba cheti cha Tanzania pekee hakitatambulika Misri au Maldives amesema kweli, na ndiyo maana sipendekezi kadi mpya ya taifa. Ninachopendekeza ni kwamba ndani ya nchi ngazi ile ihesabiwe ngazi ileile bila kujali nembo.

Mpaka hapo, kijana asilipe kabla ya kujua kampuni anazolenga zinatumia shirika gani, ada ya mwaka ni kiasi gani, na kuhama kutamgharimu nini. Ajue pia kwamba kadi ya utalii, hata ya juu kabisa, haimpi kazi ya kuchomelea nguzo za gati au kukagua matumbo ya meli bandarini. Uzamiaji wa viwandani una shule zake, vyeti vyake na vipimo vyake vya afya.