Je, Wajua? Baba wa Kiota Si Lazima Awe Baba wa Kinda

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi ndege waimbao walisifiwa kuwa wanandoa waaminifu kuliko wanyama wote? Mwaka 1968 mtaalamu wa ndege Mwingereza David Lack aliandika kuwa zaidi ya 90% ya makundi yao huishi mume mmoja, mke mmoja. Kuhusu kiota, alisema kweli. Kuhusu damu, subiri kidogo!

Je, wajua nani alitoboa siri? Vinasaba! Mwaka 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Leicester aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, na kufikia 1987 shorewanda wa Uingereza walikuwa wameshapimwa. Ndani ya viota vyao wakakutwa makinda ambao dume aliyewalisha si baba yao.

Na wala si shorewanda peke yao. Mwaka 2002 wataalamu walijumlisha vipimo vyote vilivyokuwepo: takriban 90% ya aina za ndege zilizopimwa zina watoto wa nje. Kwa wale wanaoishi wawili wawili, ni zaidi ya makinda 11 katika kila 100.

Unaona 11 ni wengi? Basi twende Australia. Kuna kindege kule, Malurus cyaneus, uzito wake ni kama gramu 10 tu, na dume lake ni la buluu ya kung'aa. Huyo ana makinda 76 katika kila 100 waliozaliwa na dume wa nje! Ndiyo, umesoma sawasawa: sabini na sita.

Jike hufanyaje? Watafiti waliwafunga majike vifaa vidogo vya redio wakawafuatilia. Siku chache kabla ya kutaga, jike huondoka gizani, jua halijachomoza, huruka moja kwa moja hadi eneo la dume amtakaye, kisha hurudi kwake. Dume wa nyumbani naye atahangaika kutafuta wadudu awalishe makinda wote.

Je, wajua dume huyo wa buluu huenda kutongoza na ua mdomoni? Huchuma petali, mara nyingi ya manjano, akampelekea jike wa jirani! Lakini wanaofanikiwa zaidi ni wale wanaovaa manyoya ya buluu mapema, katikati ya baridi, miezi kadhaa kabla ya msimu wa kuzaana.

Sasa hebu msikie dunnock, ndege wa kahawia wa bustani za Uingereza. Katika karne ya 19 kasisi mmoja, F. O. Morris, aliwahimiza watu waige maisha yake ya unyenyekevu. Kisha mtafiti Nick Davies akakaa kuwachunguza katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na alichokiona kingemshangaza kasisi! Jike mmoja huweza kuwa na madume wawili, na huchepuka vichakani kumfuata yule wa pili. Kabla ya kumpanda, dume humdonoadonoa jike chini ya mkia mpaka atoe tone la mbegu alizoachiwa na mwenzake. Tendo lenyewe? Sehemu ya kumi ya sekunde. Usipepese macho. Jike na dume hulirudia zaidi ya mara 100 kwa ajili ya mayai ya mtago mmoja, na dume aliyepata nafasi kubwa kwa jike ndiye huleta chakula kingi zaidi kiotani.

Je, wajua jike wa ndege ana ghala la mbegu mwilini? Ni vijifuko vyembamba vinavyoziweka hai kwa siku nyingi, hivyo yai la leo laweza kuwa la dume wa wiki iliyopita.

Mbayuwayu unamjua, yule anayetufikia Afrika Mashariki akikimbia baridi ya Ulaya. Ndugu zake wa aina hiyohiyo huko New York walipakwa kalamu ya rangi kifuani, wakakoza wekundu wao. Matokeo yalitoka 2005: katika mayai yaliyofuata, wake zao walewale waliwazalia makinda wengi zaidi wa damu yao. Kalamu tu!

Nyumbani je? Kwezi maridadi wa Laikipia, Kenya, wamepimwa pia: karibu makinda 14 katika kila 100 ni wa nje.

Ila usiwahukumu wote. Kuna kunguru mdogo wa Ulaya, jackdaw: ukipima kiota chake, karibu kila kinda ni wa baba mwenye nyumba.

Na la mwisho, kutoka visiwa vya jirani zetu, Shelisheli. Kuna ndege mdogo pale, Acrocephalus sechellensis, ambaye mwaka 1968 walibaki chini ya 30 duniani kote. Takriban 40% ya makinda wao ni wa dume wa nje. Na jike msaidizi anayeishi na wenzi hao, ambaye ungedhani yupo kulea tu? Mara nyingi naye hutaga yai lake humohumo kiotani!