Oili nyeusi si lazima iwe mbovu

Wenye Land Cruiser kuukuu za dizeli huku Pwani wana mazoea ya kuchomoa kijiti cha oili, kuona weusi, kisha kukimbilia kwa fundi. Injini kama 1HZ ya lita 4.2 huifanya oili nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Ni masizi ya dizeli, na oili imewekewa dawa ya kuyabeba.

Mimi nahesabu kilomita. Kila 5,000 namwaga, mapema zaidi nikipita sana mchangani, na filta naibadilisha papo hapo. Kuacha filta ya zamani ili kuokoa pesa ni uchoyo wa kujiumiza. Namwaga injini ikiwa na moto kiasi, gari likiwa mahali tambarare. Injini hii hunywa zaidi ya lita 9, kwa hivyo mtungi mmoja wa lita 5 hautoshi.

Dukani natafuta 15W-40 yenye herufi C baada ya neno API, mfano CI-4. Hiyo ndiyo ya dizeli. S ni ya petroli. Fundi wengine hupendekeza 20W-50 kwa injini inayokula oili. Moshi wa buluu huenda ukapungua, ila ringi zilizolika haziponi.

Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia kwenye oili: usiwashe injini tena, livute gari hadi gereji.